Mguu uliungua, lakini kilichonitisha ni chumba

Jumapili asubuhi, wiki ya pili ya Ramadhani, niliingiziwa picha ya mguu kwenye simu. Vidole vitatu vya kushoto vilikuwa vimepauka rangi ya jivu, na juu ya kidole gumba lengelenge lilikuwa limetuna kama kunazi. Chini ya picha rafiki yangu aliandika maneno matatu: "Kaka, friza limenichoma."

Friza analolisema ni kabati la tiba ya baridi ya mwili mzima. Mteja husimama ndani yake akiwa na nguo ya ndani, soksi na glavu tu, kichwa kimechomoza juu, huku mvuke wa naitrojeni ukimzunguka kuanzia shingoni hadi nyayoni kwa dakika mbili au tatu. Kipimo cha mashine husoma kati ya nyuzi 110 na 140 za Selsiasi chini ya sifuri. Saluni moja upande wa Mikocheni, Dar es Salaam, ilikuwa imelileta hapo miezi michache kabla, ikalitangaza kwa wakimbiaji, kwa wanaotaka kupungua na kwa wenye maumivu ya mgongo. Kwa maneno mengine, kwa nusu ya jiji.

Mimi si daktari. Nimefanya kazi ya usalama viwandani kwa miaka mingi, na sehemu ya kazi hiyo imekuwa kukaa na gesi za mitungi. Rafiki yangu aliniomba niende naye saluni kudai fedha zake. Nilikwenda kwa ajili ya mguu, nikarudi na jambo jingine kabisa.

Jumamosi ile

Yeye ni mhasibu wa miaka 44. Kila Jumamosi hukimbia na klabu yake kutoka Coco Beach, wanapita Daraja la Tanzanite na kurudi. Siku hiyo alikwenda kilomita 18, akapanda bajaji akiwa bado anatiririka jasho, akafika saluni saa tano kasoro. Alipewa fomu ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, imenakiliwa kutoka kwa muuzaji wa mashine. Alisaini bila kuisoma, na mimi nisingemlaumu, maana hata aliyemkabidhi hakuwa ameisoma. Hakupimwa presha. Aliuliza, "Dada, naingia hivi hivi?" Binti wa mapokezi, ambaye pia ndiye mwendesha mashine, akamjibu, "Ingia tu kaka, ni dakika tatu." Akavua viatu, akabaki na soksi zake mwenyewe, zile zile alizokimbilia.

Dakika ya pili umeme ukakatika. Mlango wa kabati ulifunguka bila shida, akatoka gizani akitetemeka na kucheka. Jenereta likawaka baada ya muda mfupi. Akavaa, akalipa, akaondoka akijisikia mwepesi kama ametua mzigo. Vidole havikuuma. Havikuuma kwa sababu vilikuwa vimekufa ganzi.

Nyumbani mama yake, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya mfungo, aliona mwanawe anachechemea. Alifanya ambalo mama yeyote wa pwani angelifanya: akachemsha maji, akatia chumvi, akamkanda. Mwana alikuwa anasema, "Ongeza tu mama, wala sisikii moto." Sentensi hiyo nimeirudia kichwani mara nyingi. Mguu usiosikia baridi hausikii moto pia, na mkono wa mama uliozoea sufuria si kipimajoto.

Daktari aliyemwona Jumatatu alimwambia wazi kwamba hawezi kutenganisha kiasi kilichounguzwa na baridi na kiasi kilichounguzwa na maji. Jeraha la baridi hutakiwa kupashwa moto kwa maji ya vuguvugu tu, nyuzi 37 hadi 39, ambayo mtu asiye na jeraha anaweza kutumbukiza mkono wake na asishtuke. Halisuguliwi, halikandwi, halipakwi dawa ya kuwasha. Vidole vilipona baada ya wiki sita hivi. Ukucha mmoja haujarudi vizuri.

Jasho la Dar

Watu wengi wakisikia nyuzi 130 chini ya sifuri hudhani mtu anapaswa kuganda papo hapo. Hagandi, kwa sababu hewa kavu hubeba joto vibaya. Mwoka mikate huingiza mkono kwenye tanuri la nyuzi 200 kuchukua sinia, na hewa ya humo haimdhuru. Akigusa sinia lenyewe bila kitambaa, ngozi inabaki pale. Baridi ina tabia hiyo hiyo. Mvuke mkavu unaupa mwili dakika chache za kujitetea, mishipa ya ngozi inajibana, damu inakimbilia ndani. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Soksi iliyolowa jasho ni sinia.

Jambo hili si geni. Mwaka 2011 mkimbiaji wa Marekani Justin Gatlin alifika kwenye mashindano ya dunia ya Daegu, Korea Kusini, akiwa na majeraha ya baridi miguuni. Alikuwa ameingia kwenye mashine ya namna hii nchini kwao na soksi zenye jasho. Mwanariadha wa kiwango cha Olimpiki, mwenye makocha na madaktari, soksi zikamponyoka. Sasa fikiria mashine hiyo imehamishiwa mji ambao mtu akivuka barabara tu shati linamgandia mgongoni. Nchi za baridi, sharti la kuingia mkavu ni mstari mmoja kwenye maelekezo. Hapa kwetu lingekuwa sharti la kwanza: taulo, robo saa ya kukaa chini ya kiyoyozi, soksi kavu za saluni, mafuta ya nazi yaliyopakwa asubuhi yafutwe, cheni na hereni zitoke. Saluni ile ilikuwa na soksi kavu. Zilikuwa kwenye droo, bado ndani ya nailoni, kwa sababu binti aliambiwa zinauzwa.

Fomu nayo ina kasoro nisiyoweza kuinyamazia. Iliuliza kuhusu moyo, presha, ujauzito, kifafa, mzio wa baridi, na ugonjwa wa Raynaud ambao mishipa ya vidole hujikaza mtu akipata baridi. Yote ni maswali ya haki. Haikuuliza kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Aliyeiandika huko alikotoka huenda hakuwa na sababu ya kuifikiria, lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao, na mzazi yeyote mwenye mtoto wa selimundu anajua kwamba baridi ya Julai peke yake inatosha kumlaza mtoto kwa maumivu. Kumtia mtu wa namna hiyo kwenye kabati la nyuzi 130 chini ya sifuri ni kumwita mgonjwa wa dharura. Presha nayo ni vivyo hivyo: mishipa ya ngozi ikijibana kwa pamoja, shinikizo la damu hupanda hapo hapo, na mjini hapa wako wengi wanaogundua presha yao siku wanapopimwa kwa sababu nyingine.

Kama kisa kingeishia hapo, ningeandika aya tatu kuhusu soksi na kwenda zangu.

Binti aliyesemwa ni swaumu

Tulipofika saluni Jumanne, mwenye duka, mama mmoja mstaarabu, alitupokea vizuri. Alikubali kurudisha fedha kabla hatujakaa. Nikaomba kukiona chumba. Binti akanisindikiza. "Shikamoo baba." Marahaba. Nikamuuliza, kwa mazoea ya kazi tu, kama yeye mwenyewe alikuwa salama siku ile umeme ulipokatika.

Akasema alikuwa salama, ila alianguka kidogo.

Nikamwomba arudie pole pole. Mteja alipotoka, glavu moja ilidondoka chini ndani ya kabati. Binti akainama, akaingiza kichwa na bega, akaiokota. Aliposimama miguu ikalegea, akajikuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, hajui amefikaje hapo. Mwenzake wa kusuka nywele alimpepea. Wote wakakubaliana kwamba ni swaumu. Baada ya dakika kumi akahudumia wateja wengine wawili, na kichwa kilimuuma mpaka futari.

Nilihisi baridi mgongoni ambayo haikutoka kwenye mashine.

Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na ndiyo maana watu huiona haina neno. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Tatizo lake ni kwamba inachukua nafasi. Kimiminika chake huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na lita moja ikishageuka gesi na kufikia joto la chumba huwa karibu lita 700. Oksijeni iliyokuwa hapo lazima itoke. Mwili nao hauna kengele ya kuukosa huo uhai: kile kinachotufanya tuhangaike tukizibwa pua ni kabonidioksidi inayojazana kwenye damu, si upungufu wa oksijeni. Ndani ya naitrojeni unaendelea kuitoa kabonidioksidi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, hujisikii kubanwa. Pumzi moja au mbili za naitrojeni tupu zinatosha kukuzimisha. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilihesabu vifo 80 vya gesi hii katika sehemu za kazi nchini mwao kati ya 1992 na 2002.

Ikiwa ya baridi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama. Kabati lililotoka kutumika ni pipa lililojaa, hata mlango ukifunguliwa. Binti aliambiwa ule ukungu mweupe ni "moshi wa barafu" kama wa jukwaa la muziki, na kwamba ukiisha, gesi imeisha. Ukungu ule ni unyevu tu wa hewa yetu unaoganda. Naitrojeni yenyewe haionekani. Ukungu unaweza kutoweka na gesi ikabaki imelala chini, kimya, kwenye urefu wa glavu iliyoanguka.

Oktoba 2015, karibu na Las Vegas, mfanyakazi wa saluni ya tiba hii, msichana wa miaka 24, aliingia peke yake kwenye mashine baada ya saa za kazi. Alikutwa kesho yake. Uchunguzi ulisema alikufa kwa kukosa oksijeni. Aprili 2025 huko Paris, kwenye ukumbi wa mazoezi wenye chumba cha namna hii, mfanyakazi alikufa na mtu mwingine akaumia vibaya, na kilichoshukiwa ni uvujaji wa naitrojeni. Utaona kwamba kila kisa kina mfanyakazi aliyekufa. Mteja anasimama kichwa juu dakika tatu, anakwenda zake. Mhudumu anainama, anajaza mtungi, anafuta sakafu, kutwa nzima, siku sita kwa wiki. Maswali yote ya usalama niliyoyaona kwenye fomu yalimhusu mteja.

Feni na madraya

Nilikipima chumba: mita tatu kwa tatu, dari mita mbili na nusu. Hizo ni lita 22,500 za hewa. Piga hesabu, utakuta kwamba lita mbili na robo tu za kimiminika, zikichanganyika humo bila njia ya kutokea, zinaishusha oksijeni kutoka asilimia 20.9 hadi 19.5, kiwango ambacho chini yake wakaguzi wa Marekani huita hewa pungufu. Mashine ya aina hii hutumia lita kadhaa kwa mteja mmoja. Na hesabu hiyo ni ya huruma, kwa kuwa inadhani gesi itasambaa sawasawa badala ya kutuama kwenye magoti.

Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na feni ya kutolea hewa, kubwa na nzuri, iliyofungwa kwa kufuata kitabu cha mashine. Nikamuuliza mama mwenye duka: umeme ukikatika, feni inaendeshwa na nini? Akamwita fundi kwa simu. Fundi akasema jenereta ni dogo, kwa hiyo aliunganisha "vile vya muhimu": taa, madraya ya nywele, mashine ya kadi, na friza. Feni na viyoyozi aliviacha.

Kwa hiyo Jumamosi ile, kuanzia umeme ulipokatika hadi jioni, kabati lilifanya kazi na feni haikufanya. Wateja wawili. Mlango ulifungwa ili joto lisiingie.

Na hata lingezimwa kabati, mtungi hauzimiki. Mtungi wa naitrojeni hupumua wenyewe muda wote. Kimiminika huchemka taratibu na vali hutoa gesi ili usipasuke. Hauhitaji umeme kwa hilo. Nina shemeji Arusha, mhimilishaji wa ng'ombe, ambaye amebeba mitungi midogo ya naitrojeni yenye mbegu za madume tangu kijana. Nilipomsimulia akaniuliza jambo moja tu: "Mtungi wanaulaza chumba hicho hicho?" Ndiyo. "Na usiku wanafunga?" Ndiyo. Akaguna. Yeye hawezi kuuweka mtungi kwenye kabini ya gari vioo vikiwa juu, na alifundishwa hivyo wiki ya kwanza ya kazi. Inashangaza kwamba elimu hiyo iko kwenye zizi la Meru na haipo Mikocheni.

Mama mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini sisi si hospitali." Alikuwa anasema kweli, na ndipo ugumu ulipo. TMDA inasimamia dawa na vifaa tiba. OSHA yetu inasimamia usalama wa mfanyakazi. Mashine inayouzwa kama urembo asubuhi na kama tiba ya mgongo jioni hupita katikati ya milango hiyo miwili, na mwenye nayo haoni kwamba anapaswa kubisha hata mmoja. Nilimwambia kwamba mlango wa pili haujali kama duka ni hospitali au saluni, maadamu kuna mtu ameajiriwa humo.

Na je, faida? Niliulizwa na rafiki yangu tukiwa njiani, nikamjibu kwa ufupi na hapa nitafupisha vilevile. Tiba ilianzishwa Japani mwaka 1978 na daktari Toshima Yamauchi kwa wagonjwa wa baridi yabisi, haikuanzia kwa wakimbiaji. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyotafuta kama inapunguza maumivu ya misuli baada ya mazoezi, yalipata tafiti nne ndogo zenye watu 64 kwa jumla, na hayakuona ushahidi wa kutosha. Mwaka uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilisema haijaidhinisha mashine yoyote ya aina hii kutibu ugonjwa wowote. Wanaoitumia husema wanajisikia vizuri, nami nawaamini. Zipo pia mashine zinazopoza hewa kwa umeme bila kumwagia naitrojeni kwa mteja. Bei yake kubwa, lakini hazina mtego huu wa pumzi. Soksi kavu na presha bado zinahusika.

Niliacha mambo manne kwa mama yule, kwa mdomo na kwa karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani. Feni iunganishwe na friza kwa namna ambayo friza haliwaki bila feni. Mtungi utoke chumbani, ukae nje kwenye kibanda chenye wavu. Kinunuliwe kipima oksijeni chenye kengele. Na la nne, nililoliandika kwa herufi kubwa kuliko yote: kitu kikidondoka ndani, kiachwe, na mtu akidondoka ndani, asifuatwe kwa kuinama, ifungwe koki ya mtungi, ufunguliwe mlango wa barabarani, aitwe mwingine. Kwenye kiwanda cha kuku huko Gainesville, Georgia, Januari 2021, naitrojeni iliua watu sita, na miongoni mwao wamo walioingia kuwaangalia wenzao. Binti alisoma karatasi hiyo mara mbili, kisha akaniuliza kama yaliyowapata wale wa Georgia yangeweza kumfika yeye Jumamosi ile. Nikamwambia ndiyo.

Nilirudi mwezi uliofuata, baada ya Idi. Feni ilikuwa imeunganishwa. Mtungi ulikuwa nje. Kipima oksijeni kilikuwa kimenunuliwa, kizuri, taa ya kijani inawaka, na fundi alikuwa amekitundika juu kabisa karibu na dari, kando ya kiyoyozi, kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi. Mama mwenye duka alinionesha kwa fahari. Kabla sijafungua mdomo, binti alikuwa ameshaleta kiti na ekstensheni. Alikishusha, akakitundika usawa wa kiuno, akarudi nyuma hatua moja kukitazama, akakishusha tena kidogo.